Kwa nini Garratt yenye vitufe 28 vya sauti inasikika kama haivuti kitu

Swali: "Mtaalamu, nimejenga reli ya modeli ya stesheni ya Voi kwenye chumba cha juu cha nyumba yangu hapa Uingereza, kipimo cha 1:87, reli ya milimita 12. Nina Garratt (kichwa cha mvuke chenye injini mbili) ya klasi 59 ya shaba na vichwa viwili vya dizeli vya Kenya Railways, klasi 93. Vyote vina dikoda za sauti, yaani vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyopokea amri na kutoa milio, na kidhibiti changu kina vitufe F0 hadi F28, karibu kila kimoja kina sauti yake. Baba yangu alikuwa mchochea moto wa Garratt miaka ya 1970, sasa anaishi nami. Siku za kwanza alifurahi. Siku hizi anakaa dakika tano, anasema 'hiyo haivuti kitu', anashuka zake. Mke wangu naye analalamika kichwa kinamuuma. Rafiki mmoja ananishauri ninunue kidhibiti cha bei kubwa chenye sauti nyingi zaidi. Mwingine anasema tatizo ni spika, niweke ya wati nyingi. Nianzie wapi? Na je, hizi sauti za aina nyingi zina maana yoyote au ni mchezo wa watoto tu?"

Kwanza nifikishie shikamoo kwa mzee. Pili, naomba umsikilize, maana kwa maneno matatu amekuonyesha tatizo lilipo kuliko watakavyokuonyesha wauzaji wengi. Hakusema sauti ni mbaya, wala hakusema ni ndogo. Anasikia injini isiyo na mzigo. Mtu aliyefanya kazi mbele ya tanuri la Garratt hausikilizi mlio kama mimi na wewe tunavyousikiliza. Kwa mlio alijua dereva amefungua mvuke kiasi gani, magurudumu yameanza kuteleza, mlima umekwisha, moto unahitaji kupunguzwa. Ilikuwa ndiyo kazi yake kujua hayo. Modeli yako inamnyima habari zote hizo, kwa hiyo baada ya dakika tano hana cha kusikiliza tena.

Nianze na swali lako la mwisho. Sauti za aina nyingi zina maana kubwa, na hakuna utoto ndani yake. Ila utajiri wa sauti hauhesabiwi kwa vitufe. Garratt inayobadilisha mlio wake wa mvuke tangu inapoondoka stesheni hadi inapomaliza mlima ina sauti nyingi kuliko ile yenye vitufe 28 na pigo moja la mvuke lisilobadilika. Na sehemu kubwa ya marekebisho utayafanya bila kununua chochote.

Huyo rafiki wa kidhibiti cha bei kubwa mweleze kwa upole kwamba kidhibiti hakina sauti ndani yake. Kwa kuwa umetaja F0 hadi F28, nachukulia unatumia DCC, mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni za modeli, uliowekewa viwango na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za modeli, kwa kufuata ubunifu wa kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika mfumo huo reli hubeba umeme na ujumbe kwa pamoja. Ukibonyeza F2, kidhibiti hutuma ujumbe mfupi tu kwamba kichwa cha namba fulani kiwashe F2. Kinachoamua kama F2 ni honi, kengele au taa ni dikoda iliyo ndani ya kichwa, na rekodi zenyewe zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya dikoda hiyo. Ukinunua kidhibiti cha bei mara tatu ukakitumia na dikoda ile ile, utasikia sauti zile zile. Zipo sababu nzuri za kununua kidhibiti bora, kama vile kitufe cha kuzungusha kinachopandisha kasi kwa ulaini, au skrini inayokuandikia kila kitufe kinafanya nini. Lakini hazihusiani na malalamiko ya mzee.

Sasa tuje kwenye mvuke wenyewe. Kila silinda ya kichwa cha mvuke husukumwa pande zote mbili za pistoni, mbele na nyuma. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, silinda moja hutoa mvuke uliotumika mara mbili. Silinda ziko mbili, kulia na kushoto, nazo zimepishanishwa kwa robo ya mzunguko, ndiyo maana sikio hupata mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mvuke huo hutupwa nje kupitia dohani, na ukali wa kila pigo unategemea mvuke uliingia kiasi gani kwenye silinda na ulikuwa umebakiwa na shinikizo gani ulipotoka.

Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe. Treni inapoondoka, dereva huacha mvuke uingie kwenye silinda kwa sehemu kubwa ya mwendo wa pistoni. Mvuke hutoka ungali na nguvu nyingi, na pigo huwa kali, la kifuani, unalisikia hadi miguuni. Treni ikishashika kasi, dereva huukata mvuke mapema. Ule kidogo ulioingia hutanuka ndani ya silinda, ukifanya kazi kwa kutanuka kwake, na hutoka ukiwa hoi, kwa hiyo pigo huwa laini na fupi. Kwenye mteremko hufunga mvuke karibu wote, mapigo yanatoweka, na unabaki na kugongana kwa vyuma vinavyounganisha magurudumu na msuguano wa mabehewa. Kasi moja tu, tuseme kilomita 30 kwa saa, ina milio mitatu isiyofanana kabisa, kutegemea kama treni inapanda, iko tambarare au inashuka.

Kwa jinsi unavyoeleza, dikoda yako inafuata kasi peke yake. Inapiga pigo lile lile kwa ukali ule ule, na kasi ikipanda inayaharakisha tu. Hebu fikiria mzee anasikia nini. Njia ya Mombasa hadi Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, na klasi 59 zilibuniwa zivute mizigo ya takriban tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Kazini hakupata kusikia Garratt inayopumua namna moja kwa dakika tano mfululizo. Kwake, mlio usiobadilika ni wa kichwa kinachotembea chenyewe bila mabehewa, na ndivyo alivyokuambia.

Halafu Garratt si kichwa cha kawaida. Klasi 59 zilikuwa 34, zilitoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na kila anayesimama kando yake huelewa kwa nini watu wanazikumbuka: kila moja ina uzito wa takriban tani 250, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli yenye upana wa mita moja kilichowahi kuwa kikubwa kuliko hizo. Boila ni moja, lakini injini ni mbili kamili, moja mbele chini ya tangi la maji na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na silinda zake mbili na magurudumu manane ya kuendeshea. Zote mbili hutoa mvuke kupitia dohani moja. Ila hakuna chuma kinachofunga mzunguko wa hii na mzunguko wa ile. Injini ya mbele ikiteleza kidogo, au magurudumu yake yakiwa yamelika zaidi kuliko ya nyuma, zinapishana. Kwa muda utasikia mapigo manne mazito, injini zote zikipiga kwa pamoja. Kisha pole pole yanaachana, yanakuwa manane mepesi, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana, halafu yanarudi kukutana. Watu waliokaa karibu na njia ya reli waliitambua Garratt kwa kuachana na kukutana huko kabla haijatokeza.

Dikoda yenye mkondo mmoja wa mapigo haiwezi kufanya hivyo hata ukiibembeleza vipi. Zipo dikoda zinazoweza. Watengenezaji wakubwa kama ESU, ZIMO na SoundTraxx wanazo zinazopiga mikondo miwili ya mapigo kwa wakati mmoja, wa pili ukienda kwa kasi iliyotofautiana kidogo na wa kwanza, ili kupishana kutokee kwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia kwenye kitabu cha dikoda yako ni kama ina mpangilio wa kichwa chenye injini mbili. Mara nyingi unakuwemo na umezimwa, maana dikoda ile ile huuzwa kwa vichwa vya kila aina.

Lipo jingine ambalo mzee atakuwa ameligundua siku ya kwanza akakustahi tu. Pitia vitufe vyako vyote uone kama kuna kimoja kinachotoa mlio wa beleshi likichota makaa ya mawe. Klasi 59 zilichoma mafuta mazito. Mchochea moto wake hakushika beleshi. Alikaa akirekebisha mafuta na mvuke wa kuyapuliza, huku akitazama rangi ya moshi. Mlio wake ni ngurumo ya moto wa mafuta iliyo chini chini, inayopanda kila mvuke unapohitajika zaidi. Kama dikoda yako inapiga beleshi lenyewe kila baada ya muda, kama nyingi zinavyofanya zikisimama, lizime leo. Hiyo ni rekodi ya kichwa kingine kabisa, na kwa mtu aliyefanya kazi ile ni sawa na kuvalishwa sare ya mwenzake.

Dikoda inajuaje kama treni inapanda? Mota ndogo ya umeme ikizunguka huzalisha umeme wake kidogo unaorudi nyuma. Dikoda hukata umeme wa mota kwa vipindi vifupi mno, ikapima huo unaorudi, na kwa kipimo hicho ikajua mota inazunguka kwa kasi gani halisi. Ikiona mota inapungua kasi kuliko ilivyoamriwa, huiongezea nguvu, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayoiambia kwamba kuna mzigo au mlima. Dikoda nzuri huchukua kipimo hicho ikabadilisha mlio: mapigo makali mzigo ukiwa mzito, laini ukiwa mwepesi, kimya kwenye mteremko. Mengi ya malalamiko ninayoletewa yanatokana na dikoda yenye uwezo huo ambayo haijawahi kufundishwa mota yake. Kwenye LokSound 5, dikoda ya ESU, kwa mfano, unaweka mpangilio uitwao CV54 uwe 0, unabonyeza F1, na kichwa kinaondoka kwa kasi kubwa kwa muda mfupi huku kikijipima. Kifanyie hivyo kwenye reli iliyonyooka yenye nafasi ya kutosha mbele, kisha soma kitabu chako uone namna ya kuwasha hisia ya mzigo.

CV, kama hujazizoea, ni namba za mipangilio zilizomo ndani ya dikoda, na mbili kati yake zinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. CV3 huamua kichwa kichukue muda gani kupandisha kasi, CV4 kichukue muda gani kupunguza. Wengi huziweka chini kabisa kwa sababu wanataka treni iitike mara moja. Matokeo yake dikoda haipati nafasi ya kutoa mlio wowote kati ya kusimama na kukimbia. Kichwa halisi chenye tani 1,200 nyuma yake kilichukua muda mrefu kufika kasi ya safari, na ni katika muda huo ndipo mapigo makali yanaposikika. Pandisha CV3 na CV4 taratibu hadi treni iondoke kwa uvivu, kwa uzito. Ukifungua kasi utasikia mapigo yakikaza kabla treni haijachangamka. Ukifunga, yatanyamaza huku treni ikiendelea kutembea. Hilo peke yake huenda likamrudisha mzee kwenye kiti.

Kuna kipimo kidogo ningependa ukifanye jioni moja. Klasi 59 zilikuwa na magurudumu ya kuendeshea yenye kipenyo cha inchi 54, yaani mita 1.37, kwa hiyo kila mzunguko mmoja ulisogeza kichwa mita 4.3. Weka alama mbili kwenye reli zilizoachana kwa sentimita 32. Rekebisha kasi hadi pua ya kichwa itumie sekunde 10 kutoka alama hadi alama. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni kilomita 10 kwa saa. Sasa hesabu mapigo ndani ya sekunde hizo 10. Mkondo mmoja unatakiwa ukupe mapigo 26 hivi. Ukipata 15 au 40, dikoda yako inapiga kwa ratiba ya kichwa kingine, na macho yanaona magurudumu yakizunguka wakati masikio yanasikia jambo tofauti. Ubongo huchoshwa na kutolingana huko hata kama mwenye nao hawezi kusema nini kinamkera. Karibu kila dikoda ya mvuke ina CV ya kurekebisha uwiano huo. Kwa zile za ESU ni CV57 na CV58, kwa ZIMO ni CV267.

Kuhusu honi, ushauri wangu ni kuzima nyingi na kubakiza moja nzuri. Honi nzuri kwenye dikoda ina vipande vitatu: mwanzo, katikati inayojirudia kadiri unavyoshikilia kitufe, na mwisho. Ukigusa kidogo inatoa mlio mfupi, ukishikilia inatoa mrefu, na kila mara mkono wako ndio unaoamua. Honi iliyorekodiwa kama kipande kimoja kisichobadilika ndiyo inayochosha watu wa nyumbani, kwa sababu sikio la binadamu hugundua upesi kitu kinachojirudia bila tofauti hata ndogo. Usikubali pia ile ya vichwa vya mvuke vya Marekani, yenye noti kadhaa zinazolia pamoja, ati kwa kuwa inapendeza. Kaa na mzee, mpigie honi moja moja kutoka maktaba ya sauti, umwachie achague. Shahidi unaye ndani ya nyumba, na mashahidi wa aina yake wanazidi kupungua kila mwaka.

Kwa vichwa vyako vya dizeli nitakuwa mfupi. Klasi 93 ni U26C ya General Electric, na injini yake ni ya mipigo minne. Inaguruma polepole kwa mapigo unayoweza karibu kuyahesabu ikiwa imesimama. Faili nyingi za dizeli ya Marekani zimerekodiwa kutoka vichwa vya EMD, mtengenezaji mwingine wa Marekani, vyenye injini ya mipigo miwili, ambayo huvuma kwa mfululizo na kupiga ukelele wa juu kasi ikipanda. Ukisikia ukelele huo kwenye klasi 93 yako, faili si yake. Dereva wa vichwa hivi hupandisha nguvu kwa hatua 8, na injini huongeza mngurumo kwanza ndipo treni ijikokote, kwa hiyo maneno yangu kuhusu CV3 yanahusu hapa pia. Na kama vyote viwili vinatumia faili moja, kipandishe kimoja kiwango cha sauti kidogo na, dikoda ikiruhusu, kibadilishie honi. Vikiunganishwa kuvuta treni moja huku vikilia sawasawa kabisa, utasikia kichwa kimoja chenye mwangwi.

Tuje kwa rafiki wa spika. Huyu ana nusu ya ukweli. Spika ina umuhimu mkubwa sana, ila wati hazina. Dikoda nyingi za kipimo chako hutoa wati moja hadi tatu tu, kwa hiyo spika ya wati kumi haitakuongezea kitu. Cha muhimu kwanza ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Soma dikoda yako inataka spika ya omu 4 au 8, na usiweke iliyo chini ya kiwango hicho, maana utaunguza sehemu ya kukuzia sauti. Cha pili ni kisanduku. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na bila kisanduku kilichozibwa vizuri hewa ya nyuma hukutana na ya mbele zikafutana, hasa kwenye sauti nzito. Nimefungua modeli za bei kubwa nikakuta spika imebandikwa kwa gundi ndani ya tangi, wazi nyuma, ikitoa mlio wa redio ya mfukoni. Kisanduku kikazibwa, mlio ukanenepa papo hapo. Garratt yako ina urefu wa sentimita 36 hivi na matangi mawili makubwa, kwa hiyo nafasi unayo ambayo wenye vichwa vidogo wanaililia. Tumia spika kubwa kadiri inavyoingia, na ukiweza weka mbili zilizounganishwa kwa namna inayoleta omu sahihi.

Hata hivyo spika yoyote ya ukubwa huo ni dhaifu kwenye sauti nzito. Inatoa vizuri mivumo ya juu na ya kati, na hapa nataka nikuambie jambo kuhusu mzee ambalo hukuuliza. Kelele kubwa za miaka mingi kazini huharibu kusikia, na kwa kawaida huanzia kwenye sauti za juu, karibu na herzi 3,000 hadi 6,000. Umri nao hupunguza huko huko. Kwa hiyo inawezekana spika yako inatoa vizuri zaidi ile sehemu ambayo baba yako anaisikia kidogo kuliko zote, na ile ya kifuani anayoikumbuka haimfikii kabisa. Usimwongezee sauti kwa kudhani hasikii vizuri. Utampa makelele zaidi bila habari zaidi. Mpeleke kwanza akapimwe masikio. Hapo Uingereza unaweza kuanzia kwa daktari wenu wa kawaida au kwenye duka la miwani lenye huduma ya kupima masikio. Kama anaongeza sauti ya televisheni, au hupotewa na maneno mkikaa wengi mezani, nenda bila kungoja, kwa sababu hilo linagusa mengi zaidi ya reli ya modeli.

Na mke wako ana haki. Ukisimama mita moja kutoka kwenye modeli ya 1:87, ni kama umesimama mita 87 kutoka kwenye kichwa halisi. Kwa umbali huo Garratt husikika wazi lakini haikuzuii kuzungumza na jirani yako. Dikoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa karibu na kiwango cha juu kabisa, kwa sababu zinatakiwa zisikike dukani. Shusha sauti kuu hadi nusu au chini yake: kwa ESU ni CV63, kwa ZIMO ni CV266. Kisha shusha moja moja zile za pembeni, pampu ya hewa ya breki, maji yanayoingia boilani, moto, hadi uzisikie tu mvuke unapokuwa umefungwa. Zima kabisa kichwa chochote kisichotembea. Vichwa vitatu vikiguruma kwa pamoja kwenye chumba cha darini huumiza kichwa cha mtu yeyote, na pia hufunika yale mabadiliko madogo uliyohangaika kuyapata. Kama sauti inakatika na kuanza upya kila mara, safisha reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili kabla ya kulaumu dikoda. Uchafu hukata umeme kwa muda mfupi mno, na kapasita ndogo ya kuhifadhi umeme ikiongezwa huvusha vipindi hivyo.

Ukishafanya hayo yote na mkondo wa mapigo ukabaki mmoja, una njia mbili. Ya kwanza ni kupakia faili nyingine kwenye dikoda uliyonayo. ESU wana maktaba ya faili unazoweza kupakua bure, lakini utahitaji kifaa chao cha kupakia, na faili zao haziingii kwenye dikoda za kampuni nyingine. Tafuta faili ya Garratt yoyote kwanza. Ukikosa, ya kichwa kikubwa cha Marekani chenye injini mbili na silinda nne itakupa ule mpishano, ukibadilisha honi na kuondoa makaa. Njia ya pili ni kununua dikoda mpya yenye mikondo miwili. Mimi ningenunua dikoda mpya kwa ajili ya Garratt peke yake, nikaacha za dizeli kama zilivyo. Ndiyo roho ya meza yako, na ndiyo anayoifahamu mzee.

Kabla ya kutoa pesa, mchukue mzee mwende Wales. Reli ya Welsh Highland, kati ya Caernarfon na Porthmadog, inaendesha Garratt za NGG16 zilizotoka Afrika Kusini, na njia yake ina miinuko mikali inayofika 1 kwa 40. Ni ndogo sana kuliko klasi 59, magurudumu ni madogo kwa hiyo mapigo huenda haraka zaidi kwa kasi ile ile, lakini kuachana na kukutana kwa injini mbili utakusikia kwa masikio yako. Rekodi kwa simu wakati inapanda na wakati inashuka. Mwache mzee akuelekeze kipi kilikuwa hivyo hivyo Voi na kipi hakikuwa. Rekodi hiyo haitafaa kupakiwa kwenye dikoda, lakini itakuwa kipimo chako utakaporekebisha kiwango cha kila sauti.

Kuhusu kufungua Garratt yenyewe, hapo nakuomba uwe mwangalifu. Modeli ya shaba hupitisha umeme mwili mzima, na kwenye nyingi mota huwa imegusana na fremu. Dikoda ikiunganishwa bila mota kutengwa na fremu, huungua mara tu unapowasha umeme. Kama una mita ya kupimia na unajua kuitumia, pima kati ya kila terminali ya mota na kila reli kabla ya kuunga waya wowote, na usiendelee mpaka mita ionyeshe hakuna njia. Kama huna, au kichwa kina mota mbili, mpelekee fundi wa klabu ya karibu aliyewahi kufunga dikoda kwenye modeli za shaba, umwombe akuonyeshe kazi zake za nyuma. Mpelekee mapema zaidi ikiwa kuna harufu ya kuungua, dikoda inakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, au kidhibiti kinakataa kusoma CV kwenye reli ya kupangia. Na kabla hujamkabidhi, soma thamani ya kila CV uliyobadilisha uiandike kwenye karatasi, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo mafundi wengi hulifanya ni kurudisha dikoda kwenye mipangilio ya kiwandani.